Ibn al-Haytham: Mwanazuoni aliyekiri mbele ya mtawala kuwa mto haufungiki

SIFA zote njema ni zake Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyemtunuku mwanadamu akili na kumwamrisha aitumie kwa kheri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyeshika mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, jina la Jangwani hutaja ukame, lakini wakazi wa Dar es Salaam wanalijua eneo hilo kwa maji. Kwa miaka mingi mvua kubwa zimekuwa zikiuvimbisha Mto Msimbazi hadi barabara ya Morogoro ikafungwa baina ya Fire na Magomeni, na mwenye duka Kariakoo akashindwa kurejea kwake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili na kuziacha familia nyingi bila makazi. Tangu wakati huo watu wamekuwa wakiuliza: wasomi wetu wa vyuo vikuu wana faida gani kwetu, ikiwa maji yanaingia majumbani mwetu kila masika?

Swali hilo ni la haki, na si geni. Miaka elfu moja iliyopita, mwanazuoni mmoja wa Kiislamu aliitwa na mtawala akakabidhiwa tatizo la mto. Alichokifanya, alichoshindwa kukifanya na gharama aliyoilipa kwa kusema kweli ni mambo yanayostahiki kusomwa na kila familia ya Kiislamu, hasa yenye kijana aliyeko chuoni. Ijumaa ya leo tunaeleza maisha ya Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham, ambaye Wazungu walimwita Alhazen.

KUZALIWA NA MALEZI

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, nchini Iraq, mnamo mwaka 354 Hijria, sawa na mwaka 965 Miladia. Basra ulikuwa mji wa bandari na mifereji, uliofahamika na mabaharia wa Bahari ya Hindi, na ulikuwa umekwisha toa wanazuoni wakubwa wa dini na wa lugha. Katika zama hizo vitabu vya Wayunani vya hesabu, tiba na elimu ya nyota vilikuwa vimekwisha tafsiriwa kwa Kiarabu, na Waislamu walikuwa wameacha kuvisoma kama wanafunzi tu. Walikuwa wakivipima, wakivisahihisha na kuviongezea.

Kijana huyu alizama katika hesabu, maumbo, elimu ya nyota na elimu ya mwanga. Jambo lililompambanua na wengi ni kwamba hakukubali neno kwa sababu tu limesemwa na mkubwa. Baadaye aliandika kitabu kizima cha kueleza mashaka yake juu ya Ptolemy, mwanachuoni wa Kiyunani aliyeheshimiwa kuliko wote katika elimu ya nyota. Humo alifundisha kuwa mwenye kutafuta kweli hapaswi kuwadhania vyema waliotangulia akaishia hapo, bali ayahoji maneno yao kwa hoja na dalili, kisha aihoji na nafsi yake mwenyewe, asije akaipendelea.

AHADI ILIYOTOLEWA MBALI NA MTO

Riwaya mashuhuri ya maisha yake imepokewa na mwanahistoria al-Qifti, aliyefariki mwaka 646 Hijria, na kunukuliwa na Ibn Abi Usaybi'a katika mkusanyo wake wa habari za matabibu. Kwa mujibu wa riwaya hiyo, Ibn al-Haytham akiwa Iraq alisikia habari za Mto Nile. Misri yote iliishi kwa mto ule. Ukijaa kwa kiasi, mashamba yalipata maji na rutuba. Ukizidi, ulibomoa vijiji. Ukipungua, njaa iliingia na watu wakafa. Akasema kuwa lau angekuwa Misri angeufanyia mto huo kazi ya kuufanya unufaishe watu katika hali zote, wakati wa kujaa na wakati wa kupungua.

Maneno hayo yakamfikia al-Hakim, mtawala wa Misri wa dola ya Kifatimi, aliyetawala kuanzia mwaka 996 hadi 1021. Al-Hakim alipenda elimu, na mwaka 1005 alianzisha mjini Cairo nyumba ya elimu iliyokusanya vitabu na wasomi. Lakini alikuwa pia mtawala wa kuogopwa, aliyewaua mawaziri na maofisa wake kadhaa. Akampelekea Ibn al-Haytham mali na kumwita. Mgeni alipofika, mtawala mwenyewe alitoka kumlaki katika kijiji kimoja nje ya Cairo, akamkirimu, kisha akamtaka atimize ahadi.

Tuyapime hayo kwa haki. Nia ya Ibn al-Haytham ilikuwa njema, kwani alitaka elimu yake iondoe njaa na gharika. Lakini ahadi yake aliitoa akiwa Iraq, mbali kabisa na mto wenyewe. Aliujua Nile kwa habari na kwa hesabu, na mguu wake ulikuwa haujakanyaga ukingo wake.

SAFARI YA ASWAN

Alipewa mafundi na vibarua, akasafiri nao kuelekea kusini, dhidi ya mkondo wa maji. Njiani akayaona majengo ya Wamisri wa kale, mahekalu na mawe makubwa yaliyochongwa na kupangwa kwa hesabu ya hali ya juu. Wasiwasi ukamwingia. Watu waliokuwa na ustadi kama ule, waliouishi mto huo kwa maelfu ya miaka, hawakukosa akili ya kufikiri kuuzuia. Ikiwa hawakufanya, basi huenda kulikuwa na sababu.

Aliendelea hadi mahali panapoitwa al-Janadil, karibu na Aswan, ambapo mto hushuka baina ya miamba. Hapo ndipo alipotarajia kufanya kazi yake. Akapachunguza kutoka kila upande, akapima, akatazama nguvu ya maji na vifaa alivyokuwa navyo. Dalili zikamwonyesha kuwa jambo alilolikusudia haliwezekani.

Historia imekuja kuonyesha kuwa fikra yake haikuwa ya upuuzi. Bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika mwaka 1902, na lile kubwa lilijengwa kuanzia mwaka 1960 hadi 1970. Ilihitajika miaka zaidi ya mia tisa, saruji, mitambo na fedha za dola kubwa. Hata hivyo bwawa hilo kubwa lilizamisha nchi ya Wanubi, na makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa kutoka makazi ya mababu zao. Kwa zana za zama zake, jibu la Ibn al-Haytham lilikuwa sahihi.

KUSEMA KWELI NA GHARAMA YAKE

Sasa akabaki na njia mbili. Angeweza kukaa Aswan akaendelea kula mali ya hazina, akawachimbisha vibarua mifereji isiyo na maana, mwaka hadi mwaka, na kupeleka habari nzuri Cairo. Wangapi wamefanya hivyo kabla yake na baada yake! Ibn al-Haytham alichagua kurudi. Alisimama mbele ya al-Hakim akiwa ameinamisha kichwa kwa haya, akakiri kuwa aliloliahidi limeshindikana.

Mtawala alionekana kupokea udhuru wake, akampa kazi katika ofisi za serikali. Ibn al-Haytham aliikubali kwa hofu, wala si kwa kuipenda. Alijua kuwa mtu aliyemsamehe leo angeweza kumwua kesho kwa sababu ndogo. Akatafuta njia ya kujinasua asiione, isipokuwa kujifanya ameharibikiwa na akili. Habari za wazimu wake zikaenea, mali yake ikawekwa chini ya usimamizi, akawekewa mtu wa kumhudumia na kufungiwa nyumbani. Alibaki katika hali hiyo hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Ndipo watu walipomwona mwenye akili timamu kama alivyokuwa.

Hapa pana funzo kwa wenye mamlaka. Mtawala aliyemwita msomi kwa heshima alikuwa na mali, wafanyakazi na nyumba ya elimu, lakini hakuwa na kifua cha kupokea jibu asilolitaka. Nchi ambayo mtafiti wake analazimika kujifanya mwendawazimu ili aokoke huikosa elimu hata kama imejenga vyuo.

CHUMBA CHA GIZA NA KITABU CHA MWANGA

Katika miaka yake ya Misri Ibn al-Haytham aliandika kitabu kilicholifanya jina lake lisife, nacho ni Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba, kinachoeleza mwanga na namna jicho linavyoona. Kabla yake, Euclid na Ptolemy waliamini kuwa jicho hutoa miali inayokwenda kuvigusa vitu. Yeye alithibitisha kinyume chake, kwamba mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Miongoni mwa hoja zake ni kuwa jicho huumia likitazama jua, na lisingeumia kama lingekuwa ndilo linalotoa miali.

Hakutosheka na hoja za maneno. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu dogo la chumba cha giza. Ukutani ndani ya chumba kikaonekana kila mwanga mahali pake. Alipoifunika taa moja, alama yake tu ndiyo iliyotoweka, na alipoifunua ikarejea. Akajua kwa kuona, na si kwa kudhani, kuwa mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka na kwamba mianga haichanganyiki inapopita katika tundu moja. Jaribio hilo anaweza kulirudia mtoto wa shule akiwa na mishumaa na kipande cha boksi, na hiyo ndiyo heshima ya utafiti, kwamba mwenye shaka anaalikwa kujaribu mwenyewe.

Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini mnamo mwaka 1200 na kuchapishwa Basel mwaka 1572. Roger Bacon alikisoma, na Johannes Kepler akajenga juu ya elimu hiyo. Katika ulimwengu wa Kiislamu, Kamal al-Din al-Farisi alikifanyia sherehe na kueleza kwa usahihi namna upinde wa mvua unavyotokea. Elimu ya lenzi iliyomo katika miwani inayouzwa Kariakoo na katika kamera za simu zetu imepitia mikononi mwa watu hawa. Wala hakuusahau umma wake, kwani aliandika pia risala ya kutafuta kwa hesabu mwelekeo wa kibla.

RIZIKI YA KUNAKILI VITABU

Alipoachiwa huru, hakurudi kuomba cheo. Alihamia katika kuba lililokuwa mlangoni mwa msikiti wa al-Azhar, akaishi kwa ibada, kusomesha na kuandika. Wamepokea wanahistoria kuwa kila mwaka alinakili kwa mkono wake vitabu mashuhuri vya hesabu na elimu ya nyota, kikiwemo cha Euclid na kile kikubwa cha Ptolemy, na kuviuza kwa dinari 150. Bei hiyo haikuongezeka wala kupungua, nayo ilimtosha mwaka mzima. Aliishi hivyo hadi alipofariki Cairo mnamo mwaka 430 Hijria, takriban 1039 Miladia. Mwenyezi Mungu amrehemu.

KUTOKA NILE HADI MSIMBAZI

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2015 kuwa mwaka wa kimataifa wa mwanga, na dunia ikaadhimisha miaka elfu moja ya kazi za Ibn al-Haytham. Katika mwaka huohuo, hapa Dar es Salaam, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoka madarasani na kuingia mitaani kwa kazi iliyoitwa Ramani Huria, iliyoungwa mkono na Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia na Msalaba Mwekundu. Waliingia katika mitaa inayofurika wakiwa na vifaa vya kupimia, wakifuatana na wenyeji, wakachora nyumba, njia na mitaro ambayo haikuwamo katika ramani yoyote.

Wanafunzi wale hawakupima ardhi peke yake, bali waliwauliza wenyeji maji hufika wapi. Mama aliyeishi mtaa mmoja kwa miaka thelathini humwonyesha kijana alama ukutani, na alama ile ni elimu isiyopatikana katika maktaba yoyote. Hiyo ndiyo Aswan yetu. Anayekaa Mlimani akaueleza Msimbazi kwa vitabu tu yuko pale alipokuwa Ibn al-Haytham alipotoa ahadi yake Iraq.

Na mto huu ukichunguzwa unasema mambo yasiyopendeza. Maji yake hutelemka kutoka milima ya Pugu, yakipita Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani, kisha baharini. Kila ardhi ya juu inapofunikwa kwa saruji na mabati, maji yanayokosa pa kuzama hukimbilia bondeni. Mchanga na matope hujaa chini ya daraja na kupandisha kitanda cha mto. Taka huziba mitaro. Bonde lenyewe ni nafasi ambayo mto unaihitaji ukijaa, na aliyejenga humo amejenga katika njia ya maji, hata kama aliuziwa kiwanja kwa mashahidi na karatasi. Kituo cha mabasi yaendayo haraka kilichojengwa pale Jangwani kimefurika mara kwa mara, ishara kuwa maji hayatofautishi baina ya nyumba ya maskini na mradi wa dola.

Kweli hiyo ni chungu kuisema na chungu kuisikia. Baada ya mafuriko ya 2011 familia za mabondeni zilipelekwa Mabwepande, na baadhi yake zilirudi zilikotoka, kwa kuwa riziki yao ilikuwa Kariakoo na nauli iliwashinda. Utafiti uliopima kina cha maji lakini haukupima umbali wa riziki ya mtu haujakamilika. Kwa hiyo mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia fedha mwaka 2022, na ambao umehusu fidia kwa wakazi, kupanua njia ya maji na daraja jipya la Jangwani, utahukumiwa kwa mizani mbili. Ya kwanza ni kama maji yamepata njia yake, na ya pili ni kama wale waliobomolewa nyumba wamepata maisha yenye stara.

WAJIBU WA KILA MMOJA WETU

Waislamu wapenzi, kwa wanaotafiti vyuoni, kisa hiki kinawausia wafike mahali pa tatizo kabla ya kuahidi, na wakirejea waseme walichokiona, hata kama aliyewalipa alitarajia jibu jingine. Ripoti iliyofungiwa kabatini, au iliyopambwa ili kumfurahisha mwenye fedha, ni amana iliyopotezwa. Wayarudishe matokeo kwa watu wale wale waliowaonyesha alama ukutani, na kwa lugha yao.

Kwa wenye mamlaka, wamwulize msomi kabla ya kujenga, na wamlinde anapotoa jibu lisilofurahisha. Kwa maimamu na kamati za misikiti ya Kariakoo, Jangwani na Magomeni, mimbari ni mahali pema pa kuwafikishia waumini tahadhari za mvua na habari za utafiti zilizothibitishwa, kwani kuhifadhi roho za watu ni katika makusudio makuu ya sharia yetu.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi atakuwaje muumini anayeutupa udhia ndani ya mtaro usiku wa mvua, ili uende ukazibe mlangoni kwa jirani? Kijana wetu anapochagua kusomea maji, ardhi, tiba au takwimu, tusimpime kwa mshahara tu. Tumwambie kuwa elimu yenye manufaa humfuata mtu hadi kaburini mwake, ikiendelea kumwandikia thawabu.

Ibn al-Haytham hakuufunga Mto Nile. Lakini aliwaokoa Wamisri na kazi ambayo ingekula mali na migongo ya watu bure, na kisha akaipa dunia elimu ya mwanga. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wasomi wetu ujasiri wa kusema kweli, awape viongozi wetu kifua cha kuipokea, na awarehemu waliofariki katika mafuriko ya jiji hili.

Wabillahi tawfiq.